Simameni Mwonekane

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pini, na hata wachache waliolijua jina lake la nyumbani walikuwa wamelisahau. Alikuwa fundi makochi. Akianza kuvisha kochi kitambaa alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anaichomoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga kabla hujapepesa jicho. Ukimsalimia wakati huo, anakuitikia kwa nyusi. Mimi nauza vitambaa na vifungo mlango wa pili kutoka karakana yake, na kwa miaka tuliyokaa jirani nilizijua nyusi zile vizuri kuliko nilivyojua kusoma gazeti.

Kazi ile hakuirithi kwa mtu. Aliingia karakana ya mzee mmoja mkali akiwa msichana wa kufagia vipande vya sponji. Mzee alipoanza kuumwa mgongo akawa anamwambia, "Hebu vuta hapa, shikilia pale," mpaka siku moja akakaa kando, akamtazama akimaliza kochi zima peke yake, akasema, "Basi mimi wa nini tena?" Mzee alipofariki, wateja walimfuata msichana. Wale wasiomjua walichungulia ndani wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye huwajibu, "Katoka kidogo. Mimi mke wake. Leteni kochi." Siku ya kuja kuchukua mzigo ndipo wanamjua fundi.

Mume alimpata hapohapo karakanani. Alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mrefu, mwenye maneno mengi, na alileta kiti chake cha usukani kikarabatiwe. Akakirudisha, eti kinamchoma mgongoni. Kikatengenezwa, akakirudisha tena. "Nikajua," Fundi Pini alikuwa akituhadithia, "huyu hachomwi mgongo. Anachomwa kifua." Wakaoana. Hawakujaliwa mtoto, lakini watoto wa kaka yake dereva, mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, walikuwa wakilala kwao wakati wa likizo, wakiwaita baba mdogo na mama mdogo, wakirukia makochi ya watu na kufukuzwa.

Sasa ugonjwa. Dereva huyu mgongo wake kweli ulikuwa unamuuma, miaka ishirini ya usukani si mchezo, na kila alipopumzisha lori alimeza vidonge vya maumivu kama mtu anayetafuna karanga. Presha alikuwa nayo na hakuijua. Siku moja akashindwa kuvaa viatu. Miguu ilikuwa imeumuka, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hospitali wakampima, daktari akawaita wote wawili, akasema figo zimechoka, zote.

"Spea hakuna?" dereva akauliza.

"Zipo," daktari akasema, "lakini foleni yake ni ndefu. Kwa sasa utaishi kwa mashine. Itakusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Mpaka lini?"

Daktari akaanza kuandika.

Wakati huo ile sheria ya bima ya afya ilikuwa ina mwaka na kitu. Kila mwenye kazi alikatwa, kila mwenye wafanyakazi aliwachangia, na asiye na kitu serikali ilimbeba. Kampuni ya malori ilimwachisha dereva kazi kwa maneno matamu, lakini kadi ikabaki, kwa jina la mkewe aliyekuwa akijichangia kwa kazi yake. Bila kadi ile, mashine ile ilikuwa ya matajiri. Kwa kadi ile, dereva alikwenda na kurudi kama mtu anayekwenda kunyolewa. Anarudi mchana amechoka, rangi imemtoka, anajitupa kwenye kochi lolote lililokuwa karakanani halijavishwa, anasema, "Bosi, hili nimelikagua. Sponji ya kushoto umemwibia mteja." Mkewe anamrushia kipande cha kitambaa. Kesho yake anafagia, anakata uzi, anagombana na wateja kuhusu mpira. Alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa mtu.

Halafu ukaja mjadala.

Upande mmoja wa bunge ulitaka sheria ifutwe, upande wa pili ulitaka ibaki, na nchi nzima ikagawanyika kama inavyogawanyika kwenye mpira. Redio asubuhi ni ifutwe na ibaki, jioni ni ibaki na ifutwe. Na usidhani waliotaka ifutwe wote walikuwa na roho mbaya. Chukua yule kaka mtu, mwoka mikate. Alikuwa na tanuri moja na wafanyakazi sita, unga umepanda, kuni zimepanda, na kila mwisho wa mwezi anatakiwa kuwachangia wote sita. Akachanga, akanung'unika, akachanga. Siku mwanawe alipoanguka akavunjika mkono, akaenda na kadi hospitali. Dirishani wakamwambia mfumo uko chini. Akasubiri mpaka mtoto akatapika kwa maumivu. Mfumo ukawa bado uko chini. Akalipa taslimu. Tangu siku ile ukimtajia bima anatema mate.

Ndugu hawa wawili walikuwa wakipendana sana, na walikula pamoja kila Jumapili kwa mwoka mikate. Jumapili moja mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mapazia ya mkewe. Redio ilikuwa ikisema. Mwoka mikate akaizima.

"Wezi watupu," akasema. "Tunachangia, dawa hakuna. Ifutwe, kila mtu abebe mzigo wake."

"Na mimi mzigo wangu nani atanishika mkono, kaka?" dereva akauliza, bado anacheka.

"Wewe ni mdogo wangu, sikusemi wewe. Lakini tuseme ukweli. Wewe ukilala kwenye ile mashine, anayelipa ni mimi niliyesimama mbele ya tanuri."

Kijiko cha Fundi Pini kikasimama hewani. Mke wa mwoka mikate akasema, "Baba watoto, jamani." Dereva ndiye aliyeokoa meza.

"Si wanasema damu nzito kuliko maji?" akasema. "Yangu imezidi uzito, ndiyo maana inahitaji mashine. Na kama ni wewe unayelipa, basi ina unga wako humo. Ndiyo maana nikiamka asubuhi nahisi nimeumuka."

Tukacheka. Lakini Fundi Pini hakucheka, na Jumapili iliyofuata alisema ana kazi nyingi.

Mbunge wetu alikuwa wa upande wa ibaki. Fundi Pini ndiye aliyemvishia viti vya ofisi yake, na katika kuvipeleka alizungumza na msaidizi wa mbunge, binti mmoja mwepesi wa simu, akamweleza habari za mumewe. Haikupita wiki, mbunge mwenyewe akafika karakanani na gari mbili. Akakaa kwenye stuli ya kazi, suruali yake nzuri ikashika gundi, wala hakujali. Lazima niseme kweli, alisikiliza vizuri. Aliuliza mashine inachukua saa ngapi, inauma wapi. Dereva akamwonyesha mkono, pale mshipa ulipovimba kama kamba.

"Mama," mbunge akamwambia Fundi Pini, "wenzetu wanazungumza habari za hesabu. Nataka niwaonyeshe mtu. Njooni bungeni siku ya mjadala, mkae jukwaa la wageni. Nitawatambulisha, basi. Hamtasema kitu."

Fundi Pini akamtazama mumewe. Mumewe akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Twende."

Msaidizi akapiga simu siku moja kabla kuwapa maelekezo. Fundi Pini aliweka simu sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na gundi, nami nikasikia. Wafike mapema. Baba avae shati la mikono mifupi ili bandeji ionekane. Mama asijipambe sana, nguo ya kawaida tu, hata ile ya kazini.

"Na viatu?" Fundi Pini akauliza.

"Viatu... visiwe vipya sana, mama."

Simu ilipokatika dereva akasema, "Umesikia? Tumeambiwa tufe kidogo." Lakini nguo mkewe alivaa ile aliyoipenda mwenyewe, ya kijani, aliyonunua kitambaa chake kwangu. Na viatu vipya.

Habari za ndani ya bunge alinisimulia yeye, na nyingine tulizisikia wote, maana redio ilikuwa ikirusha moja kwa moja na mtaa ulikuwa umejaa mlangoni kwangu. Alisema kitu cha kwanza alichoona ni viti vya wabunge: ngozi nzuri, lakini sponji imekufa, watu wazito wamezama kama walio kwenye beseni. Akamnong'oneza mumewe bei ambayo angewatoza. Wakawa wanacheka chinichini, mlinzi akawakazia macho.

Mbunge wetu akasimama. Siku ile alisema maneno mazuri, sitamnyima sifa yake. Alisema nchi ni familia, na familia haimtupi mgonjwa kwa sababu anakula na hafanyi kazi. Kisha akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba wageni wangu wawili wasimame waonekane." Wakasimama. Meza zikagongwa upande mmoja wote. Mlangoni kwangu watu wakapiga vigelegele. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Akafuata mbunge wa upande wa ifutwe, mama mwenye sauti ya taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mgonjwa nampa pole kwa moyo wote. Lakini huyu mama aliyesimama pale ana karakana. Ana mafundi wawili anaowaajiri. Mheshimiwa mwenzangu amemuuliza kama amewaandikisha kwenye mfuko wa bima? Hajamwandikisha hata mmoja! Mtetezi wa sheria mwenyewe haifuati. Na simlaumu, Mheshimiwa Spika. Haifuati kwa sababu haibebeki!"

Bunge likaangua kicheko. Upande wa ifutwe ulicheka kwa nguvu, na upande wa ibaki baadhi walicheka kwa kuficha mdomo. Fundi Pini na mumewe walikuwa bado wamesimama. Hakuna aliyekuwa amewaambia wakae. "Nilikuwa sijui," aliniambia, "ukisimamishwa bungeni nani anakukalisha. Nikawa nimesimama tu na viatu vyangu vipya."

Lile neno lilikuwa kweli. Hakuwa amewaandikisha wale mafundi. Kila mwezi alisema mwezi ujao, na mwezi ukija kulikuwa na sponji ya kununua, au nauli ya hospitali, na wale mafundi wenyewe walikuwa wakimwambia, "Mama, bora utupe mkononi." Aliyejua jambo hilo nje ya karakana alikuwa mmoja. Walishawahi kulizungumza mezani, Jumapili.

Mwoka mikate alikuja jioni ileile, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "nilisema kwenye mkutano wetu wa wafanyabiashara. Nilisema hata shemeji yangu, mchapakazi, imemshinda. Nilikuwa nakutetea. Sikujua kuna watu wanaandika."

Fundi Pini alikuwa na misumari mdomoni. Akaitema yote kiganjani, akaihesabu kwa macho, akairudisha mdomoni, akaendelea kugonga. Mwoka mikate akasimama pale mpaka kochi likamalizika upande mmoja, kisha akaondoka.

Wiki ileile mkaguzi wa mfuko akafika na bahasha. Fundi Pini akalipa faini na kuwaandikisha mafundi wote wawili. Wateja nao hawakuacha kumtania. Mtu akileta kiti anauliza, "Eti huyu wa bungeni ndiyo wewe? Fundi haibebeki?" Likataka kushika hilo jina, lakini dereva alisimama mlangoni siku moja akasema mtu atakayelitamka tena atarudishiwa kochi lake na miba ndani. Watu walicheka, na jina likafa.

Mjadala ukaendelea, kura ikapigwa, na siku ya matokeo honi za magari zilituamsha. Sheria imebaki! Mbunge wetu alipita mtaani amesimama nyuma ya gari la wazi, shingo imemvimba kwa kupiga kelele. Alipofika karakanani alishuka, akamkumbatia dereva, akamwinua mkono juu kama bondia aliyeshinda. Fundi Pini alinunua soda kreti nzima akagawa, hata kwa wale waliokuwa wakimtania. Wiki iliyofuata bango likawekwa kwenye njia panda, picha ya mbunge na nyuma yake, kwa mbali, wao wawili wamesimama bungeni. Limeandikwa: TUMEILINDA.

Bango lilikuwa bado linanukia rangi siku dereva alipokwenda kwenye mashine na muuguzi wa chumba kile akamwita pembeni. Huyu muuguzi walizoeana naye, walikuwa wakitaniana.

"Baba," akamwambia, "kuanzia mwezi ujao kadi yako inalipia mara moja kwa wiki. Zile mbili utajilipia mwenyewe."

"Sista, leo utani wako mchungu."

"Si utani. Waraka umekuja."

"Si sheria imebaki?"

"Imebaki," muuguzi akasema. "Na hili limo ndani yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya kura, wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wamekaa chumba kimoja, mlango umefungwa, wakakubaliana. Jina la sheria libaki, na makato yabaki. Wale wa ifutwe wapewe kitu cha kwenda nacho nyumbani, na kitu chenyewe kikawa kupunguza matibabu ya gharama kubwa. Kila upande ukatoka na ushindi wake. Sisi tuliokuwa tunapiga honi hatukusoma, na hata tungesoma tusingeelewa, maana jambo lile liliandikwa kwa lugha ile ambayo neno mgonjwa halimo.

Fundi Pini alikwenda ofisi ya mbunge. Akaambiwa yuko kikaoni. Akaenda tena, yuko safarini. Msaidizi aliyekuwa akipokea simu kabla haijalia sasa simu yake ililia mpaka ikachoka. Safari aliyobahatika alikaa kwenye vile viti alivyovivisha mwenyewe tangu asubuhi mpaka mbunge akatoka kwa ajili ya chakula na kuikuta miguu ya Fundi Pini mlangoni.

"Mama yangu!" mbunge akasema. "Mzee hajambo?"

"Anaoshwa mara moja kwa wiki, mheshimiwa. Mwili wake unahitaji mara tatu. Ulijua?"

Hakumdanganya. Hilo nampa. Alikaa kando yake, akashusha sauti. "Nilijua. Tulikuwa hatuna kura, mama. Tungeng'ang'ania yote, ingefutwa yote, hata hiyo moja asingeipata. Mambo ya siasa ni kutoa hiki upate kile."

"Mlimtoa yeye."

"Usiseme hivyo."

"Basi nifundishe niseme vipi."

Mbunge akatoa pochi. Fundi Pini akainuka. "Mimi na wewe," akamwambia, "tulishamalizana siku uliyonilipa hivi viti. Naomba kitu kimoja tu. Toa picha yetu kwenye lile bango." Bango halikutolewa. Mvua ndiyo iliyolichakaza, miezi mingi baadaye.

Kuanzia hapo maji yakazidi unga. Aliuza kiwanja walichokuwa wamenunua wajenge. Aliuza cherehani kubwa ya kushonea ngozi, akabaki na ndogo, ikawa inamkataa kwenye mishono minene. Alikubali kazi za hovyo, kubandika viraka viti vya baa, ilimradi Ijumaa ipatikane, na Jumatano ikipatikana ni sherehe. Na mwili wa mtu anayesubiri damu yake isafishwe si kitu cha kutazama. Dereva alikatazwa maji, akawa anapewa kikombe kidogo kwa siku nzima. Nilimkuta mara moja amekaa mbele ya bomba la nje, analitazama tu linavyodondoka. Akaniona, akasema, "Jirani, hii sinema ni nzuri sana, tatizo mwisho wake naujua." Ngozi ilimwasha mpaka akajichuna. Pumzi ikawa fupi, na utani nao ukafupika, ukawa wa neno moja moja.

Halafu akaanza uongo. Ijumaa ikifika anasema, "Leo najisikia vizuri, tusipoteze hela." Mkewe anamsukuma. Ijumaa nyingine anajifungia chooni mpaka muda upite.

Mwoka mikate alikuwa akisikia. Siku moja nilimwona amesimama kwenye duka langu, anashika vitambaa ambavyo hana shida navyo. Akaniomba nimwitie mdogo wake. Wakakaa kwenye benchi langu, yeye na unga wake kwenye nyusi, mdogo wake na koti jua linawaka. Mwoka mikate akasema hospitali ameshalipia, Jumatano na Ijumaa, kwa miezi atakayoweza.

Dereva akavuta koti lake. "Kaka," akasema, "unakumbuka uliniambia nikilala kwenye mashine anayelipa ni wewe?"

"Nyamaza, ndugu yangu."

"Sasa ndiyo unalipa kweli."

Mwoka mikate akajifunika uso kwa mikono miwili. Dereva akampiga bega, akasema, "Natania, bwana. Nitaacha lini?" Lakini mimi nilikuwa nakata kitambaa karibu yao, na sikusikia utani mule.

Ilisaidia kwa muda. Kisha mwezi mmoja ulipita mwoka mikate hakuweza, kwa sababu yeye naye makato yalikuwa yaleyale na unga ulikuwa juu, akapunguza wafanyakazi wawili. Moyo wa mdogo wake ulikuwa umeshavimba kwa maji. Alifariki Alhamisi mchana, karakanani, kwenye kochi la watu watatu ambalo lilikuwa bado sponji tupu, mkewe akiwa anapima kitambaa upande wa pili. Alidhani amelala. Alimaliza kupima, akakata, akageuka kumwambia asogee avishe.

Mwenye kochi alipopata habari alikataa kulichukua. Fundi Pini hakubishana naye. Alimrudishia malipo ya mwanzo, akalibomoa kochi mpaka mbao.

Siku ya mazishi mbunge alikuja. Alikuja na watu wa kamera na karatasi mkononi, akasimama karibu na kaburi, msaidizi akapita kumnong'oneza mwoka mikate, ambaye kama mkubwa wa familia ndiye aliyekuwa akipanga wazungumzaji. Nilikuwa nimemshika mkono Fundi Pini. Mwoka mikate akaja mpaka tulipo, akainama.

"Shemeji, mheshimiwa anaomba dakika mbili."

"Zipo," Fundi Pini akasema, "lakini si zake."

Mwoka mikate akarudi mbele. Akakohoa. "Ndugu zangu," akasema, "familia imeamua hakutakuwa na hotuba. Tumzike mtu wetu." Akachukua koleo. Mbunge akakunja karatasi, akakunja tena, akaitia mfukoni. Akajipanga mstari na watu wengine, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya maji ya kunawa kugawiwa.

Mimi nilidhani siku ile mashemeji hawa wawili wamepatana. Jioni watu walipopungua, mwoka mikate alikuja kukaa karibu naye.

"Usidhani nimekusamehe," Fundi Pini akamwambia.

"Sijadhani, shemeji."

"Vizuri. Watoto waje likizo kama kawaida."

Wanakuja. Yeye Jumapili kwao haendi.

Makato anakatwa mpaka leo, yake na ya mafundi wake. Mke wa fundi mmoja alijifungua kwa kupasuliwa, kadi ikalipa kila kitu, mama na mtoto wakatoka wazima. Fundi alileta mtoto karakanani kumshukuru. Fundi Pini akampakata, akamtazama muda mrefu, akasema, "Angalau wewe," akamrudisha. Sikujua kama alifurahi. Nyusi zake siku hizi zinanishinda kusoma.

Sasa uchaguzi unakaribia tena, na wimbo ni uleule, ifutwe, ibaki. Mwezi uliopita vijana wa upande wa ifutwe walifika na gari lao jeupe, wamevaa fulana mpya, wakaegesha mlangoni kwake. Mmoja, mpole, mwenye adabu, akampa pole ya mume. Akasema wanakusanya watu walioumizwa na sheria hii. Akasema, "Mama, mumeo alifariki huku mkikatwa kila mwezi. Nchi inatakiwa ikuone. Tutakupa nafasi jukwaani, useme mwenyewe safari hii, si kusimamishwa tu."

"Mkiifuta," Fundi Pini akauliza, "huyu wa mara moja kwa wiki atakwenda wapi?"

"Tuna mpango bora zaidi, mama."

"Uko wapi?"

"Utatangazwa tukishaingia."

Fundi Pini akamtazama yule kijana, akalitazama gari.

"Mwanangu," akasema, "sogezeni gari. Kuna kochi linatoka."

Kijana akadhani ni namna ya kusema. Akatabasamu, akafungua mdomo aendelee. Nyuma ya Fundi Pini mafundi wawili walikuwa wameshainua kochi la watu watatu, jasho linawatoka, wanapiga kelele, "Njia! Njia jamani!" Dereva wa gari jeupe akawasha, akarudi nyuma, akagonga ndoo yangu ya maua, wakapisha. Kochi likatoka, likapakiwa kwenye mkokoteni wa mteja. Vijana wakasubiri kidogo kama ataongeza neno. Alikuwa ameshaingia ndani, anapima kitambaa cha kochi jingine.